Mpasuko Mkavu Usikudanganye

*Maswali ya wasomaji kuhusu maji ya mgodini. Anayejibu alikuwa msimamizi wa kituo cha pampu katika mgodi mmoja wa Katanga. Sasa amestaafu, anakaa Kampemba, Lubumbashi.*

Jambo Papa. Mwanangu yuko Uchina, anasomea migodi. Mwaka huu wamempeleka kufanya mazoezi kwenye mgodi wa makaa ya mawe, chini kabisa, mkoa wa Hebei. Juzi alinitumia sauti kwa WhatsApp akisema kinachowaogopesha kule ni maji yanayotoka chini ya sakafu na kupanda juu kupitia mpasuko wa mwamba. Nikamwambia maji huteremka, hayapandi. Akacheka. Papa, maji yanapandaje? Huo mpasuko ni kitu gani? Na mtoto wangu yuko hatarini? — Mama wa Katuba

Jambo sana Mama. Mtoto hakukudanganya, ingawa kumcheka mama yake ni adabu mbaya, na hilo umwambie nimelisema mimi.

Tuanze na mahali alipo. Kaskazini mwa Uchina, katika mikoa ya Hebei, Shandong na Shanxi, makaa ya mawe mengi yamelala juu ya tabaka nene sana la mawe ya chokaa ya enzi ya Ordovisi, ya zamani kuliko makaa yenyewe. Kati ya chokaa na makaa kuna matabaka mengine: mwamba wa udongo, mwamba wa mchanga, pengine chokaa nyembamba nyembamba. Sasa mawe ya chokaa huyeyushwa na maji ya mvua, polepole, kwa muda mrefu ambao hatuna jina lake, mpaka yanabaki na matundu na mifereji ndani. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa hilo. Foraji nyingi za mji huu, yaani visima vya kutobolewa, zinakunywa kutoka kwenye mawe ya jamaa hiyo hiyo.

Chokaa ile ya Hebei haiko chini kila mahali. Ukienda magharibi, kwenye milima ya Taihang, inatokeza juu ya ardhi, na mvua inaingia pale. Fikiria tanki lililowekwa juu ya mnara, na robine iko uani. Ukifungua robine, maji yanaruka kwa sababu yote yaliyo juu yanayasukuma yaliyo chini. Milima ndiyo tanki, na galeri, ile njia ya chini ya ardhi anayofanyia kazi mtoto wako, ndiyo robine. Kila mita 10 za urefu wa maji huongeza presha ya bar 1. Kama maji yanataka kupanda hadi mita 300 juu ya chokaa, hapo chokaani kuna bar 30, yaani kila sentimita moja ya mraba inasukumwa kwa uzito wa kilo 30. Maji ya namna hiyo, Mama, yakipata tundu kwenye sakafu, yanapanda bila kukuuliza.

Yanayoyazuia ni yale matabaka ya katikati, hasa mwamba wa udongo, ambao haupitishi maji kwa urahisi. Hapo ndipo mpasuko unapoingia.

Mpasuko ni mahali ambapo mwamba ulivunjika zamani na upande mmoja ukateleza, ukashuka au ukapanda kuliko mwenzake. Pengine umeteleza mita moja, pengine mita mia. Ukiteleza vya kutosha, chokaa yenye maji inapandishwa karibu na makaa, au inawekwa uso kwa uso nayo, na ile kinga ya mita 40 iliyoandikwa kwenye ramani inakuwa mita 10 tu, au hakuna kabisa. Halafu mwamba wa pande zote mbili za mpasuko hubaki umepondwapondwa, una nyufa nyingi zinazopitisha maji. Katikati, pale pande mbili zilipokuwa zikisagana, mara nyingi hubaki unga uliogeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, na huo huziba. Kwa hiyo mpasuko mmoja unaweza kuwa mfereji kwa urefu wake na ukuta kwa upana wake. Wanafunzi hupata shida sana na jambo hili. Wanataka waambiwe kama mpasuko unapitisha maji au haupitishi, waandike, waende kula.

Mimi nina msimamo wangu, na nimeubishania na watu wenye vyeti virefu kuliko vyangu. Mgeni akishuka mgodini huuliza: uko wapi mpasuko unaovuja? Ningependa aulize uko wapi usiovuja. Unaovuja una macho ya kila mtu. Umewekewa bomba, una kipimo cha presha, kuna mtu anausoma kila zamu. Ule mkavu umeandikwa neno moja tu kwenye ripoti, "mkavu", na ripoti imefungwa. Lakini ulikuwa mkavu kabla hamjachimba. Mkishaondoa makaa, uzito wa mwamba wa juu unahamia mbele na pembeni, na sakafu ya nyuma inapumua, inavimba. Mpasuko unasogea milimita chache. Presha ya maji inasukuma pande zake mbili zisigandamane tena, na maji yanaanza kuosha ule udongo uliokuwa umeziba. Kwanza tone, kisha uzi, kisha kitu kingine kabisa. Jambo hili linaweza kuja siku nyingi au hata miezi baada ya watu kuupita mpasuko salama, wakati galeri ile imeshageuzwa njia ya kupitisha vifaa na hakuna anayeitazama.

Uliuliza hatari, na sitakuficha. Mkoani humo humo Hebei, mjini Tangshan, kuna mgodi wa Fangezhuang. Tarehe 2 Juni 1984 maji ya chokaa yaliuingia kwa kiasi kilichofika mita za ujazo 2,053 kwa dakika. Lori la maji la lita 10,000, lile linalozunguka mitaani kwetu wakati wa kiangazi, lingehitajika 205 kila dakika moja. Mgodi mzima ulijaa kwa muda usiofika siku moja, na maji yakaingia hata kwa jirani. Kusema kweli, njia ya maji pale haikuwa mpasuko wa kuteleza. Ilikuwa nguzo ya mawe yaliyoporomoka kwenye pango la chokaa, ikapanda hadi kwenye makaa. Walilazimika kutoboa foraji kutoka juu ya ardhi na kumwaga changarawe na simenti hadi njia ikazibwa. Kila anayesomea migodi Uchina hufundishwa kisa hicho, na mtoto wako atakijua.

Kutokana na machungu kama hayo, Wachina wana amri ya kazi ambayo naipenda kwa sababu fundi yeyote anaielewa: kisia kwanza, ukiwa na shaka, toboa, toboa kabla ya kuchimba, tibu kabla ya kuchukua makaa. Kutoboa huko kuna utaratibu. Kwanza linaingizwa bomba la chuma mwambani, linashikwa kwa simenti, linafungwa vali, linajaribiwa kwa presha kubwa kuliko inayotarajiwa. Ndipo ukekee unapita ndani ya bomba hilo kwenda mbele. Ukigonga maji, unafunga vali na unasoma presha umekaa pembeni. Pembeni, Mama. Hakuna mtu mwenye akili anayesimama mbele ya mdomo wa bomba.

Kwa hiyo usimwambie aache shule. Mwambie aulize maswali mawili kila anapoingia sehemu mpya: hapa mmetoboa mbele mita ngapi, na njia ya kupanda iko wapi. Siyo njia ya kutoka, njia ya kupanda. Katika mafuriko ya mgodini, njia fupi inayoteremka ni kaburi.

Mzee, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, Polytechnique, hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU). Katika zoezi tumepewa kanuni ya Kichina: unagawanya presha ya maji, kwa megapaskali, kwa unene wa tabaka la kinga, kwa mita. Kikomo ni 0.06 mahali penye mipasuko na 0.10 mahali pasipo. Presha yetu ni megapaskali 3, yaani bar 30, na kinga ni mita 40. Tumepata 0.075. Wenzangu nusu wanasema chimbeni, nusu wanasema msichimbe. Wewe unasemaje?

Marahaba mwanangu. Mwalimu wenu ni mjanja. Amechagua namba inayoangukia katikati makusudi.

0.075 inapita kikomo cha penye mipasuko na haifiki kikomo cha pasipo. Basi jibu halitoki kwenye kikokotoo, linatoka kwa aliyechora ramani. Nani amesema hapo hapana mpasuko? Kwa kutumia nini? Vipimo vya mitetemo kutoka juu ya ardhi vikifanywa vizuri huona mipasuko iliyoteleza mita tano na zaidi. Ule wa mita moja au mbili mara nyingi hupita bila kuonekana, na mnaugundua siku mnapoukata. Na mdogo huo, ukiwa na nyufa zinazofika chokaani, unatosha. Ningewajibu wenzako hivi: mpaka mtakapotoboa na kuthibitisha, hesabuni kama kuna mpasuko. Msichimbe bado.

Kuna mtego mwingine. Uchimbaji unaharibu sehemu ya juu ya sakafu, kwa kawaida kiasi cha mita 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Mwanafunzi mwenye bidii huzitoa: 40 toa 15, zinabaki 25, anagawanya 3 kwa 25, anapata 0.12, anaogopa. Wazo lake zuri, hesabu yake mbovu, kwa sababu vikomo vya 0.06 na 0.10 vinatumika kwa unene wote wa kinga. Ukibadilisha kipimo, lazima ubadilishe na kikomo.

Sasa, kama mnataka kuchimba kweli, mna milango mitatu. Wa kwanza ni kushusha presha: ili mita 40 zitoe 0.06, presha isizidi megapaskali 2.4. Hiyo ni kushusha kimo cha maji karibu mita 60. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwenye chokaa inayolishwa na safu ya milima ni kupiga pampu miaka na miaka, na chemchemi za watu wa vijijini zinakauka wakati mnapiga. Ng'ambo ya mpaka wetu, Konkola, kule Chililabombwe nchini Zambia, wanachimba shaba na si makaa, lakini ndiyo njia waliyoishi nayo: wanatoa zaidi ya mita za ujazo 300,000 kwa siku ili wapate kuchimba. Mgodi ule ulipoanza mwaka 1957, ukiitwa Bancroft, maji yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoufanya ufungwe kwa muda mwaka uliofuata. Ukitaka kuona gharama ya maji kwa macho, nenda Kasumbalesa mpakani, vuka, si mbali.

Mlango wa pili ni simenti. Mnatoboa sakafu na sehemu ya juu ya chokaa, mnasukuma uji wa simenti au simenti na udongo kwa presha inayozidi ya maji, mnaziba nyufa na kuongeza unene wa kinga. Mimi napenda huu. Ni ghali mara moja, wakati pampu ni ghali kila siku, na umeme wetu tunaujua. Lakini kumbuka kwamba simenti inakwenda mahali maji yanapopita siku hiyo. Ule mpasuko mkavu niliomweleza Mama wa Katuba haunywi simenti, maana umezibwa na udongo wake. Mtafurahi kuona kipimo cha presha kimepanda haraka, mtaandika "umejaa", na udongo uko pale pale ukisubiri kuoshwa. Baada ya kusukuma simenti, toboeni tena mjaribu kwa maji safi kwa presha kubwa. Wahandisi wengi huchukia hatua hii kwa sababu inaonyesha kazi haijaisha.

Mlango wa tatu ni kuacha makaa. Mnaacha nguzo pande zote za mpasuko, upana wake ukitokana na presha na nguvu ya makaa, na mnaihesabu kuwa imepotea. Kwenye mikutano hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuutaja mlango huu.

Papa, mimi nimezaliwa Kipushi. Wazee wanasema mgodi wetu uliuawa na maji mwaka 2011. Ni mpasuko ulifunguka?

Hapana ndugu yangu. Mpasuko wa Kipushi usiusingizie. Zinki na shaba za Kipushi zimelala kandokando ya mpasuko, kwa sababu zamani sana maji ya moto yenye madini yalipita humo. Tangu 1924 ndio uliowapa babu zenu kazi.

Uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini maji hayasimami mkisimama. Pampu ziliendelea kazi hadi ziliposhindwa, na mwaka 2011 maji yakapanda hadi kiwango cha mita 851 chini ya ardhi, katika mgodi ambao kituo chake kikuu cha pampu kiko kwenye mita 1,200. Mwisho wa 2013 walikuwa wameyarudisha chini na kufikia tena kiwango cha mita 1,150. Uzalishaji umerudi mwaka 2024.

Kanuni za migodi ya makaa ya Uchina zinataka pampu za kazi ziweze kutoa maji ya saa 24 ndani ya saa 20, ziwepo za akiba zenye nguvu isiyopungua asilimia 70 ya hizo, na nyingine za kushika nafasi wakati wa matengenezo. Mtu akikuonyesha mgodi, hesabu pampu zilizosimama. Zinazozunguka kila mtu anaziona.

Mzee, sisi ni wachimbaji wadogo. Shimo letu limekutana na maji kidogo tu, mekundu kama kutu, yananuka yai bovu. Tunaweza kuendelea?

Tokeni. Leo.

Maji yaliyonuka hivyo na kuwa mekundu ni maji yaliyosimama muda mrefu gizani, mara nyingi ndani ya machimbo ya zamani ambayo hamyajui. Hayatoki kwenye mwamba mzima. Na hiyo harufu ni gesi yenye sumu, na ikizidi pua haiisikii tena, mtu anadhani imeondoka. Kati ya ninyi na maji hayo pengine kuna ukuta wa mita moja. Huko Chasnala nchini India, tarehe 27 Desemba 1975, maji yaliyokuwa juu ya mgodi wa makaa yalivunja na kuua watu 375. Huko Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, wachimbaji tisa walitoboa mgodi wa zamani ambao ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha mwisho wake. Waliokolewa wote, lakini walikuwa na mashine za kutoboa kutoka juu na nchi nzima nyuma yao. Ninyi mna kamba.

Waulizeni wazee wa eneo hilo nani alichimba hapo kabla yenu.

Papa, nimepata kazi kwenye kituo cha pampu, naanza mwezi ujao. Nianzie wapi? — Kijana wa Ruashi

Hongera kijana. Anza na daftari. Tarakilishi watakupa, itumie, lakini daftari liwe lako.

Mahali maji yanapopita kwenye mfereji, wekeni ubao wenye mkato wa pembetatu ya nyuzi 90, na upime kimo cha maji kutoka ncha ya chini ya mkato, nyuma kidogo ya ubao yanapotulia. Sentimita 10 ni kama lita 4 na nusu kwa sekunde. Sentimita 20 si lita 9, ni kama 25. Wengi hudhani kimo kikiongezeka maradufu na maji yameongezeka maradufu, kumbe yamezidi mara tano. Hapo utaelewa kwa nini sentimita mbili zilizopanda usiku zinafaa kumwamsha bosi.

Kila zamu andika kiasi, presha, joto na rangi. Joto usilidharau. Mwamba huongezeka joto kadiri unavyoshuka, mara nyingi kama nyuzi 3 kwa kila mita 100. Maji ya ukutani yakianza kuwa ya moto kuliko jana, kuna mgeni kutoka chini zaidi.

Kisha soma mistari miwili pamoja, kiasi na presha. Maji yakiongezeka na presha ya foraji za jirani ikishuka, mnalimaliza ghala la maji lililo mwambani, vizuri. Maji yakiongezeka na presha isishuke, ghala ni kubwa kuliko pampu zenu, semeni mapema. Maji yakipungua na presha ikapanda, usisherehekee kama walivyozoea, maana kuna kitu kimeziba tundu na presha inajikusanya nyuma yake. Nyundo ya kwanza ya kuzibua isipigwe na mtu anayesimama mbele.

Na maji yaliyokuwa meupe yakigeuka kuwa ya tope, huku kiasi kikipanda, udongo wa mpasuko unaoshwa. Hapo huandiki tena. Unapiga kengele, watu wanapanda, daftari utalimalizia juu.

Simu ya kituoni ijaribu wewe mwenyewe siku ya kwanza. Usiamini karatasi iliyobandikwa kwamba inafanya kazi.